Sogeza gari kidogo

Kijana ninayemweleza hapa alikuwa mwanafunzi wangu wa udereva. Ana miaka 19. Siku ya ajali lena yake, ile ruhusa ya kujifunza udereva, ilikuwa na wiki tano, na darasani alishamaliza alama zote za barabarani bila kukosa kipindi. Gari lilikuwa linarudi nyuma, umbali wa mita nne hivi, kando ya Barabara ya Shekilango pale Sinza, Jumamosi saa nne asubuhi. Katika mita hizo nne mtu alivunjika mguu.

Nimeomba ruhusa kwake, kwa mjomba wake na kwa dereva wa bodaboda aliyeumia, na wote watatu wamekubali nikiandike kisa hiki bila majina. Nakiandika kwa sababu wanafunzi wengi wanaokuja kwangu nyumbani kwao kuna gari, na kuna mkubwa ambaye siku moja atawaambia maneno yale yale: "Sogeza gari kidogo."

Asubuhi hiyo mjomba alimchukua wakafanye mazoezi. Mjomba ana leseni ya daraja B ambayo haijaisha muda, na ameendesha Dar zaidi ya miaka kumi na tano. Alikaa kiti cha kushoto, kijana akashika usukani. Wakatoka Mwenge, wakakata Bamaga kwenye taa, wakaingia Shekilango. Kijana aliniambia kwamba pale Bamaga alisubiri taa ya kijani huku daladala ya nyuma ikimpigia honi, na hakutetereka. Mjomba alimpongeza kwa kumpiga bega.

Mpaka hapo walikuwa ndani ya sheria, isipokuwa jambo moja. Vibao viwili vya L, vile vya plastiki vyenye uzi wa kufungia mbele na nyuma, vilikuwa ndani ya buti chini ya jeki. Mjomba alivitoa mwenyewe kabla hawajaondoka. Alisema ukiwa na L, daladala na bodaboda wanakuonea. Nimesikia sababu hiyo mara nyingi na naielewa. Lakini kibao kile kinamwambia aliye nyuma yako asikukaribie mno, kwa sababu gari linaweza kuzima au kurudi bila kutegemewa. Dereva wa bodaboda aliyeegesha nyuma yao dakika chache baadaye hakuwa na namna ya kujua kwamba aliyeshika usukani anajifunza.

Karibu na Sinza Mori mjomba aliomba wasimame, anunue dawa za presha za bibi. Nafasi ilikuwa haba. Kijana akasimamisha gari kwenye mdomo wa geti la duka la jumla la soda. Hilo lilikuwa kosa la pili, na ni la mjomba kuliko la kijana, maana yeye ndiye aliyeonyesha kwa kidole pa kusimama. Akashuka akisema, "Nakuja sasa hivi." Injini ikaachwa inawaka kwa ajili ya kiyoyozi, na mkono wa gia uko kwenye P, ya kuegesha.

Kirikuu iliyobeba kreti tupu ikataka kutoka getini. Ikapiga honi. Ikapiga tena, ndefu. Kijana akageuka kumtafuta mjomba, akamwona yuko dirishani kwa muuza dawa, pesa mkononi. Mjomba aliisikia honi ile. Akageuza kichwa, akapunga vidole kuelekea nyuma na kusema kwa sauti: "Sogeza gari kidogo, mpishe!"

Hapa nataka niende polepole, kwa sababu hapa ndipo ajali ilipotengenezwa.

Gari la chuo chetu lina klachi. Mwanafunzi wangu alikuwa amezoea miguu miwili: wa kushoto klachi, wa kulia breki na mafuta. Na alikuwa amezoea kwamba gari haliondoki mpaka yeye aiachie klachi taratibu. Gari la mjomba ni otomatiki. Barabarani asubuhi ile halikumsumbua, kwa sababu mjomba alikuwa pembeni akimkumbusha kila baada ya dakika mbili auweke mguu wa kushoto pembeni na asiutumie. Sasa mjomba hayupo. Kijana akakanyaga breki, akavuta gia kutoka P kwenda R, ya kurudi nyuma, akatazama kioo cha katikati peke yake, akaachia breki.

Gari la otomatiki likiwa kwenye R huanza kutembea lenyewe ukiachia breki, hata kama hujagusa mafuta. Alipohisi linaondoka bila yeye kuliamuru alishtuka, na mguu wa kushoto ukafanya ulichofundishwa: ukaenda kutafuta klachi. Hakuna klachi kwenye gari lile. Ulikutana na pedali pana ya breki na kuikanyaga kwa nguvu zote, kama klachi inavyokanyagwa. Gari likasimama ghafla. Mwili wake ukarushwa, mguu wa kulia ukatua kwenye mafuta, na katika kujiweka sawa akaunyanyua ule wa kushoto. Gari likachomoka kinyumenyume.

Dereva wa bodaboda alikuwa ameegesha kwenye kona ya nyuma kushoto, amekaa ubavu juu ya siti, anasoma simu. Kwa kioo cha katikati pikipiki ile haionekani; inafichwa na mlango wa buti na nguzo ya pembeni. Kioo cha kushoto kingeionyesha. Bampa liliisukuma pikipiki, nayo ikamlalia mguu wa kulia. Mfupa wa kifundo ulipasuka. Kijana anasema alichosikia kwanza ni sauti ya taa ya gari kuvunjika, kisha kimya kifupi, kisha watu.

Madereva wenzake wa bodaboda wa kijiwe kile walifika kabla mjomba hajafika. Walikuwa kama ishirini. Hawakumpiga kijana, na nawashukuru kwa hilo, kwa sababu nimeona siku ambazo mambo yalikwenda tofauti. Mmoja akachomoa funguo. Wengine wakamwinua mwenzao wakamweka kwenye bajaji. Mjomba alipopenya umati ule, jambo la kwanza alilomnong'oneza mpwa wake lilikuwa hili: "Nyamaza. Nilikuwa naendesha mimi."

Alisema kwa upendo. Alitaka kumwokoa mtoto wa dada yake. Lakini tazama alichokuwa anamwingiza. Watu ishirini walikuwa wamemwona mjomba amesimama dirishani na pesa mkononi. Muuza dawa alikuwa amemwona. Kumpa askari taarifa ya uongo ni kosa la peke yake chini ya Kanuni ya Adhabu, na kudai bima kwa maelezo ya uongo ni tatizo jingine juu ya hilo. Ajali ya kutokuwa makini ingegeuka kuwa jinai ya watu wawili waliokubaliana kudanganya.

Trafiki alipofika akauliza, "Nani dereva?" Mjomba akafungua mdomo. Kijana akasema, "Afande, ni mimi. Mjomba alikuwa dukani." Nasimama hapa kumheshimu. Alishindwa kumkatalia mjomba kuhusu gari, lakini dakika kumi baadaye, akiwa anatetemeka, alimkatalia jambo zito zaidi.

Vipimo vikachukuliwa kwa futi kamba na mchoro wa ajali ukachorwa. Gari likapelekwa kituoni kukaguliwa na mkaguzi wa magari, na breki zikakutwa nzima. PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ikatolewa kwa ajili ya majeruhi. Mjomba aliuliza kama wanaweza kuandikiwa faini ya papo kwa papo, walipe kwa namba ya malipo na yaishe. Faini ile ni ya makosa ambayo hayajamdhuru mtu. Palipo na majeruhi faili linafunguliwa na jambo linaelekea mahakamani.

Baadaye mjomba alikuja chuoni kwangu akiwa na uchungu. "Mwalimu," aliniambia, "huyu mtoto ana lena. Wiki mbili zijazo anafanya mtihani. Kwa nini wanamwandika kama mtu asiye na leseni?"

Swali lake ni la watu wengi, na jibu lake ndilo linalobeba kisa hiki. Watu wanaichukulia lena kama leseni iliyopungukiwa kidogo, kama mtu aliyelipa nauli nusu. Chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ambayo ni ya mwaka 1973, lena ni ruhusa ya kujifunza, na ina masharti. Katika madaraja yetu ni daraja H. Hudumu miezi mitatu. Sharti lake kubwa ni kwamba pembeni yako awepo mtu mwenye leseni halali ya aina hiyo ya gari. Ruhusa hiyo imeandikwa kwa jina lako lakini ina viti viwili. Mjomba aliposhuka, aliondoka na nusu ya leseni ya mpwa wake. Kijana aliyebaki kwenye usukani alikuwa, mbele ya sheria, sawa na mtu ambaye hajawahi kuingia chuo cha udereva.

Umbali haubadilishi kitu. Mjomba aliendelea kusisitiza kwamba zilikuwa mita nne tu, hata si safari. Kuendesha kunaanza gurudumu linapozunguka mahali ambapo umma unapita, na kando ya Shekilango ni mahali hapo. Ningekubaliana naye kama gari lingekuwa ndani ya geti la nyumba yake, ingawa hata huko mtoto mdogo anaweza kuwa amechuchumaa nyuma ya gurudumu.

Wiki zile mbili zilizobaki hazikuwa za kujaza fomu. Ili lena igeuke leseni, mwanafunzi anapimwa na polisi wa usalama barabarani, anapewa cheti cha kwamba ameweza, ndipo anakwenda TRA, Mamlaka ya Mapato, akiwa na TIN yake, namba ya mlipa kodi, anapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, analipa na kupewa kadi. Tangu mwaka 2019 kadi hiyo ni ya miaka mitano kwa Sh70,000. Kabla ya hapo ilikuwa miaka mitatu kwa Sh40,000. Familia nyingi zinaziona hatua hizi kama foleni ya ofisini. Kipimo kile cha polisi ndicho mahali pekee ambapo mtu asiye mjomba wako na asiye mwalimu wako anakutazama ukirudi nyuma peke yako na kuamua kama barabara iko salama na wewe.

Mjomba naye alishtakiwa, na hilo lilimshangaza kuliko yote. Mwenye gari hatakiwi kumruhusu mtu asiye na leseni kuliendesha. Kupunga vidole na kusema "sogeza" ni kuruhusu. Kijana alijibu mashtaka ya kuendesha bila leseni halali na ya kuendesha bila uangalifu na kusababisha majeraha. Wote wawili walikiri, wakatozwa faini. Wakatoka mahakamani wakidhani wamemaliza.

Faini inakwenda serikalini. Aliyevunjika kifundo hapati hata senti katika hiyo. Fidia yake ni safari nyingine, na safari hiyo inaanzia kwenye bima.

Mjomba alikuwa na bima ndogo, ile ya Sh118,000 kwa gari binafsi, kodi ikiwamo. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo kwa sababu ya watu kama yule dereva wa bodaboda: mtu wa nje anayeumizwa au kuuawa na gari lako. Taa yako iliyovunjika na bampa lililobonyea si shida ya bima hiyo. Mjomba alitengeneza kwa pesa yake, na hilo hakulilalamikia.

Alipopeleka taarifa, kampuni ilimwomba vitu vya kawaida: taarifa ya polisi, kadi ya gari, nakala ya leseni ya aliyeendesha. Kisha wakauliza swali moja ambalo hakulitegemea. "Nani alikuwa amekaa pembeni yake?" Mkataba wa bima unamkinga mwenye gari na mtu yeyote anayeendesha kwa idhini yake, mradi mtu huyo ana leseni inayomruhusu. Mjomba alikuwa akikata bima hiyo kila mwaka na hakuwahi kusoma karatasi inayokuja nayo. Wengi wetu hatuisomi. Kampuni ikamwandikia kwamba sharti limevunjwa. Mtu wa nje hatatupwa, lakini watakachomlipa watakirudisha kutoka kwa mjomba. Kwa lugha ya nyumbani, kwa siku ile alikuwa kama hana bima, ila karatasi zilikuwa nyingi zaidi.

Familia ikaamua kukaa na majeruhi wenyewe. Nilikwenda nao, Manzese, chumba kimoja na sebule ya pazia. Kijana akaingia wa kwanza. Akasema, "Shikamoo kaka, nimekuja kukuomba radhi," akabaki amesimama mpaka alipoambiwa akae. Mguu ulikuwa kwenye plasta, umelazwa juu ya ndoo iliyofunikwa kanga.

Yule bwana hakupandisha sauti. Alituonyesha daftari. Pikipiki ni ya mkataba: kila siku anampelekea tajiri Sh10,000, na baada ya miezi kadhaa pikipiki inakuwa yake. Alikuwa amebakiza miezi miwili. Daktari amemwambia wiki sita asiukanyagie mguu. Kila siku anayolala pale daftari linaongezeka deni, na mke wake ameanza kukaanga mihogo mlangoni ili watoto wale. "Mimi sidai mguu," alisema. "Mguu utapona. Hii hesabu ndiyo inayonikosesha usingizi."

Kijana aliliangalia lile daftari kwa muda mrefu. Darasani nilimfundisha maana ya majeruhi kama neno la kwenye fomu. Pale ndipo alipolielewa, na mimi pia nililielewa upya.

Walikubaliana matibabu yote, hesabu ya siku zote za plasta, na kiasi cha kuishi. Nilisisitiza iandikwe, isainiwe mbele ya mjumbe wa shina na mashahidi wa pande zote mbili, na isemwe wazi kwamba mguu ukileta shida baadaye mazungumzo hayajafungwa. Watu wanapenda kumalizana kwa mdomo na noti za haraka. Mwezi wa tatu maumivu yanarudi, mwenye gari anasema alishalipa, na undugu mfupi uliokuwapo unageuka kesi. Mjomba alilipa kwa awamu nne. Aliuza friji ya duka lake kupata awamu ya pili.

Sasa nirudi kwenye geti la soda, kwa sababu najiuliza kila siku kijana angefanya nini.

Kiufundi majibu yapo. Angezima gari, achomoe funguo, amfuate mjomba. Kirikuu ingesubiri dakika mbili. Dereva wake angetukana, na matusi hayavunji mfupa. Nimebadilisha pia ninavyofundisha: kila mwanafunzi wangu sasa anapata saa mbili kwenye gari la otomatiki, mguu wa kushoto umevuliwa kiatu ili aukumbuke kila unapotaka kusogea. Na kabla ya kurudi nyuma anashuka na kulizunguka gari lote.

Lakini ufundi haukuwa kiini. Nilipomuuliza kwa nini aligusa gia wakati anajua sharti la lena kwa moyo, alinijibu, "Mwalimu, ningemwambiaje mjomba hapana? Gari ni lake, mafuta ni yake, na ndiye aliyenilipia ada." Mtoto aliyelelewa vizuri hapa kwetu hajafundishwa namna ya kumkatalia mkubwa hadharani. Sisi walimu wa udereva tunampa alama za barabarani, tunampa taa na vivuko, na hatumpi sentensi moja ya adabu ya kujiokoa nayo. Nimeianza sasa. Tunaifanyia mazoezi kwa sauti, darasa zima, kama tunavyokariri alama: "Shikamoo mjomba, lena yangu hainiruhusu mpaka wewe ukae hapa." Mwanzoni wanacheka. Wakirudia mara tano sauti inatulia, inakuwa ya kawaida, haina ukaidi ndani yake.

Kijana alirudi chuoni baada ya miezi mitatu. Lena ilikuwa imeisha, akakata nyingine. Kurudi nyuma kulimpa shida sana. Mikono ilikuwa inatoa jasho mpaka usukani unateleza. Sikumharakisha.

Siku mbili kabla ya mtihani tulikuwa karibu na Mabibo, tumesimama juani. Nilishuka kununua maji, nikaacha injini inawaka. Nikiwa kwa muuzaji niligeuka nikamwita, "Hebu sogeza gari kivulini hapo nyuma."

Mkono wake ulikwenda kwenye gia. Niliuona. Ukakaa pale kidogo. Kisha akazima gari, akachomoa funguo, akafungua mlango, akaja mpaka niliposimama.

"Mwalimu," alisema, "naomba kwanza uje ukae."